Ipuli: nani anamshauri kijana anayetaka kuvaa koti jeupe?

Leo naomba tuongee jambo ambalo halina kelele za siasa, lakini linakula pesa za wazazi wetu na miaka ya vijana wetu kimya kimya. Naongelea ushauri wa masomo kwa vijana wanaotaka kusoma fani za afya: udaktari, utabibu, uuguzi, famasi, maabara na nyinginezo. Nitatumia mfano wa Ipuli hapa Tabora mjini kwa sababu ndipo ninapopajua, ila najua msomaji wa Nzega, Kahama au Mpanda atasoma na kusema "hata kwetu ni hivyo hivyo".

Uliza kijana yeyote wa kidato cha tatu hapa Ipuli anataka kuwa nani. Wengi watakwambia daktari. Muulize sasa ni masomo gani lazima afaulu, kwa alama gani, na baada ya hapo anaenda wapi. Hapo ndipo utasikia "nitaona mbele ya safari". Shida ni kwamba katika fani hizi, mbele ya safari milango inakuwa imeshafungwa. Na wewe ndiye uliyeifunga, ukiwa na miaka kumi na tano, bila kujua.

Nitaeleza mlango kwa mlango.

Mlango wa kwanza: mwisho wa kidato cha pili

Kwa utaratibu ambao shule zetu nyingi zimeufuata kwa miaka mingi, ukishavuka kidato cha pili Hisabati na Baiolojia unaendelea nazo, lakini Fizikia na Kemia unaweza kuziacha. Na wengi wanaziacha, hasa Fizikia, kwa sababu ni ngumu, au mwalimu hayupo, au rafiki zake wameiacha.

Sasa fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, lile baraza ambalo zamani tuliliita NACTE kabla halijabadilishwa mwaka 2021. Kusoma diploma ya utabibu unahitaji ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima wawepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Uuguzi nao vivyo hivyo. Famasi inasisitiza Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo binti aliyeacha Fizikia kidato cha tatu kwa sababu "nesi anahitaji Fizikia ya nini", huyo ameshajitoa kwenye unesi. Hajafeli mtihani wowote. Ameweka tiki tu kwenye karatasi ya kuchagua masomo, na hakuna mtu mzima aliyemwambia tiki ile ina maana gani.

Mlango wa pili: Hisabati

Huu ndio mlango unaoniuma zaidi, kwa hiyo naomba mnisome taratibu.

Diploma ya utabibu haikudai Hisabati. Ukiwa na D ya Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri, ukiwa na F unapita tu mradi una yale masomo ya lazima. Na tunajua Hisabati yetu ilivyo. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, ufaulu wa somo hilo nchi nzima ulikuwa kama asilimia 20. Yaani katika watahiniwa kumi, wanane wana F. Kijana anasikia chuo hakidai Hisabati, anashangilia. Nani asingeshangilia?

Anaingia chuoni, miaka mitatu, ngazi ya nne, ya tano, ya sita. Anatoka tabibu. Anapenda kazi, ana akili, GPA yake nzuri. Sasa anataka kwenda chuo kikuu akawe daktari kamili. Anafungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwenye sehemu ya wanaoomba udaktari kwa kutumia diploma. Anakuta anatakiwa awe na diploma ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Hiyo anayo. Halafu anasoma mstari unaofuata: awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Hisabati. Ile ile F aliyoicheka miaka minne iliyopita imemsubiri mlangoni.

Zamani palikuwa na njia ya kuzunguka. Tabibu akishafanya kazi miaka kadhaa alikuwa anakwenda kusomea AMO, yaani daktari msaidizi, kada iliyoanza miaka ya 1960 na ambayo imebeba hospitali zetu za wilaya kwa miongo mingi. Wazee wengi waliozaliwa mikoa hii, kama mama zao walifanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua, mkono ulioshika kisu ulikuwa wa AMO. Mafunzo hayo yalisitishwa karibu mwaka 2017. Hoja ya serikali ni kuwa na madaktari kamili, na siibishii. Lakini matokeo yake ni kwamba daraja limeondolewa, njia iliyobaki inapita kwenye Hisabati ya kidato cha nne, na hakuna aliyekuja Ipuli kuwaambia madogo wa kidato cha tatu kwamba ramani imebadilika.

Jirani yangu mmoja, simtaji, yuko kwenye hali hiyo. Tabibu mzuri. Sasa ana mke na mtoto na anatafuta mwalimu wa tuisheni wa kumfundisha logarithimu usiku. Namheshimu sana. Lakini hilo alipaswa kuambiwa akiwa na miaka kumi na sita, wakati tuisheni ile ile ingemgharimu mzee wake pesa kidogo na yeye mwenyewe muda wa jioni tu.

Mlango wa tatu: kombi

Wale wanaokwenda kidato cha tano nao wana mtego wao. Udaktari kwa njia ya moja kwa moja unadai ufaulu wa principal katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi zisizopungua 6, na kila chuo kinaweza kuweka masharti yake ya alama juu ya hapo. Maana yake ni PCB. Ukipangiwa CBG, yaani Jiografia imekaa mahali pa Fizikia, mlango huo wa udaktari umefungwa hata upate A tatu. Yapo mambo mazuri unaweza kusoma kwa CBG, lakini sio hilo.

Na bado vijana wanaambiana kijiweni, "CBG na PCB ni mule mule, zote sayansi". Sio mule mule! Tangu 2024 ambapo serikali ilitangaza kombi nyingi mpya, mkanganyiko umeongezeka. Kombi nyingi ni jambo jema, ila kombi nyingi bila mshauri ni kama kumwachia mgeni stendi ya mabasi usiku. Mabasi yapo mengi, na kila mpiga debe anakwambia lake ndilo linalokwenda kwenu.

Kumbuka pia kwamba fomu ya Selform unayoijaza shuleni sio mwisho. Matokeo yakitoka huwa kunafunguliwa kipindi cha kubadilisha chaguo mtandaoni. Wangapi hapa wanajua? Wangapi wanakumbuka neno la siri walilojaza?

Mshauri wetu halisi ni nani?

Kwenye karatasi, kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha na malezi. Kwa hali halisi mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kawaida, ana madarasa yaliyojaa, na ushauri anaoweza kuutoa ni kusuluhisha waliopigana na kuongea na aliyepata mimba. Simlaumu. Hakuna aliyempa kitabu cha mwongozo cha mwaka huu wala saa moja ya kukisoma.

Basi mshauri halisi wa masomo ya afya hapa Ipuli ni dada au kaka wa stationery. Ninyi mnaosoma hapa kwenye kafe mnajua. Kijana anakuja na cheti, anasema "niombee chuo cha afya". Muhudumu anaangalia alama, anauliza "unataka nini?", kijana anasema "chochote cha afya". Muhudumu anajaza. Barua pepe ni ya muhudumu, neno la siri analo muhudumu, namba ya simu wakati mwingine ni ya muhudumu. Ndani ya dakika ishirini maisha ya mtu yamepangwa na mtu ambaye kazi yake ni kutoa fotokopi. Na huyu muhudumu hana kosa. Analipwa kujaza fomu, sio kushauri.

Mshauri wa pili ni wakala wa chuo. Huyu huja na vipeperushi matokeo yakitoka. Ana shati zuri na maneno matamu: ajira uhakika, hosteli ipo, nafasi zimebaki chache. Wengine ni wakweli kabisa. Ila ukumbuke kwamba mtu anayelipwa kwa kila kichwa anachokipeleka hatakwambia "dogo, rudia Hisabati kwanza".

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Unyanyembe. Mji huu umekua kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Wazee wetu wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ile hawakuwa wanatoka tu asubuhi na kuanza kutembea. Mbele ya msafara alikuwepo kirangozi, mtu anayejua maji yako wapi, pori lipi lina hatari, na kwa mtemi gani mtadaiwa hongo na kiasi gani. Msafara bila kirangozi ulikuwa unakufa kiu. Leo tunawapeleka watoto kwenye safari ya miaka mitatu mpaka sita, wazee wakiwa wameuza tumbaku na ng'ombe kulipa ada, na wa mbele yao ni mtu wa vipeperushi.

Na tusidhani jambo hili ni la kisasa mno. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwepo Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu wa huko mpaka alipofariki 1956. Sisemi maisha yake yalikuwa ya kuchagua, maana hayakuwa. Nasema kwamba kuna watu walikaa chini wakapanga: huyu kijana asome nini, wapi, ili aje afanye kazi gani. Watu wa ziwani walipata tabibu kwa zaidi ya miaka sitini kwa sababu ya mpango huo.

"Acheni kulalamika, intaneti ipo"

Najua kuna wadau watasema hivyo kwenye maoni. Intaneti ipo, kijana asome mwenyewe. Haya, tuangalie. Miongozo ya NACTVET na TCU ni ya bure mtandaoni, ni kweli na ni jambo zuri sana. Lakini ni vitabu virefu, vimeandikwa kwa Kiingereza, na kila chuo kina mistari yake. Kijana mwenye F ya Kiingereza, ambaye ndiye hasa anatakiwa kuonywa kuhusu F ya Kiingereza, tunamwambia asome kwa Kiingereza ajue kwamba amefungiwa mlango. Jamani!

Wengine watasema namkatisha tamaa mtoto wa maskini, kila mtu ana haki ya kuota. Aote. Ila ndoto ya udaktari ina ratiba, na kumpa mtu ratiba sio kumkatisha tamaa. Anayemkatisha tamaa ni yule aliyemwacha alipe ada ya miaka mitatu ndipo agundue.

Na kuna hoja ya tatu, hii nzito: kwamba hata ushauri ukiwepo, ajira hakuna. Hapa kuna ukweli. Mpango wa MMAM wa 2007 mpaka 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, vyuo vikaongezeka, na kwa muda wahitimu walikuwa wanapangiwa vituo moja kwa moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 mambo yakabadilika: ajira zikasimama wakati wa uhakiki, na sasa unaomba kwa mtandao ukishindana na maelfu. Zahanati zina upungufu wa watumishi, na wakati huo huo mtaani kuna wahitimu wa afya wanaendesha bodaboda. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kushauriwa, sio ya kuacha. Angalia mfano huu. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kutoa mikopo kwa ngazi ya diploma. Kwenye fani za afya, orodha ya mwaka ule ilitaja mambo kama utabibu wa kinywa na meno, picha za mionzi, fiziotherapia, macho, viungo bandia, kumbukumbu za afya na ufundi wa vifaa tiba. Utabibu wa kawaida na uuguzi, ambavyo ndivyo kila mtu hapa Ipuli anakimbilia, havikuwemo.

Maana yake nini? Serikali ilikuwa inatuambia kwa vitendo ni wapi inaona pengo, na iko tayari kulipia. Mashine ya eksirei inanunuliwa, anayeijua kuiendesha hayupo. Ikiharibika, fundi anasubiriwa kutoka mbali. Kijana wa Ipuli mwenye D nne nzuri angeweza kusoma kwa mkopo fani yenye wachache, badala yake baba yake ameuza shamba alipie fani yenye msururu. Hakuna aliyemwambia. Orodha hizo hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma ya mwaka unaoomba, usiishike hii yangu kama msahafu.

Nini kifanyike, bila kusubiri bajeti

Mimi sio waziri, lakini naona mambo ambayo hata kata inaweza.

Moja, kila shule ya sekondari ifanye mkutano mmoja na wazazi na wanafunzi wa kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo. Ajenda iwe moja tu: ukiacha somo hili, unafunga milango hii. Karatasi moja, Kiswahili, ibandikwe ukutani.

Mbili, tuna hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kitete. Tuna Nkinga kule Igunga na Ndala kule Nzega. Wamejaa watu waliopita njia hii. Nesi, mtu wa maabara, mfamasia, mtu wa mionzi, waje shuleni siku moja kwa mwaka waseme walipitia wapi na wangefanya nini tofauti. Hiyo ni nauli na soda tu.

Tatu, wenye stationery na kafe: bandikeni sifa za kujiunga ukutani, pale pale penye bei za fotokopi. Mteja asome kabla ya kukaa.

Nne, wewe msomaji. Fungua barua pepe yako mwenyewe, neno la siri uandike kwenye daftari lako. Kabla ya kulipa hata shilingi, angalia kama chuo kimo kwenye mwongozo wa NACTVET na kina namba ya usajili. Vya afya namba zake zimezoeleka kuanza na REG/HAS. Uliza kama kozi yenyewe, sio chuo tu, imeruhusiwa kudahili mwaka huo. Uliza ukimaliza unasajiliwa na baraza gani la taaluma, maana bila usajili hutibu mtu kihalali. Na kama una F ya Hisabati au Kiingereza, jiandikishe kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema, hata kama chuo ulichopata hakiidai leo. Utafanya mtihani huo ukiwa bado unakumbuka, kabla ya mke, mume na kodi ya nyumba.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria hiyo ikifanya kazi kama inavyotakiwa, watu wengi zaidi watapanga foleni Kitete na kwenye vituo vyetu wakiwa na kadi mkononi. Kadi haipimi presha. Kuna mtu lazima awe upande wa pili wa meza, na mtu huyo leo yuko kidato cha pili hapa Ipuli, anakaribia kuchagua masomo.

Naomba tujadili. Kama umepita njia hii, tuandikie ulikwama mlango gani na ulitokaje. Kama uko kidato cha pili, cha tatu au cha nne, weka alama zako hapo chini, bila jina wala shule, na wadau waliobobea watakujibu. Wenye mwongozo wa mwaka huu mkononi, tafadhali nirekebisheni palipobadilika. Ombi moja tu: tusitukanane, na usitaje chuo kwa ubaya kama huna ushahidi.

Karibuni jamvini.